Nyange Alitubia Wesha

Kanisani kwetu wanasema mume wangu, Nyange, alitubu siku ya semina, alipokwenda mbele akilia na mhubiri kutoka Bara akamwekea mikono kichwani. Mimi nasema hapana. Siku ile aliacha pombe tu. Kutubu alitubia Wesha, barazani kwa Waislamu, na mimi nilikuwepo. Anayetaka kukasirika akasirike.

Nyange ni mchumaji wa karafuu. Ni Mpemba na ni Mkristo, na asiyeamini kwamba mtu aweza kuwa vyote viwili aje atuulize. Babu mzaa babu yake aliletwa kisiwani amefungwa kamba, akalime karafuu za watu. Alipoachwa huru akabatizwa, akabaki hapahapa. Makaburi yetu yako hapa. Hata hivyo tukienda sokoni Chake Chake, mtu akisikia tunasali Jumapili atauliza, "Nyie watu wa Bara mmekuja lini?" Nyange humjibu, "Kabla ya babu yako," kisha hucheka, maana ni mtu wa utani.

Juu ya mkarafuu hana mfano wake. Mkarafuu hauna huruma, tawi lake huvunjika bila kukuonya, na kila msimu tunasikia fulani kaanguka. Nyange hupanda na ngoe yake, ile fimbo ya ndoano, akavuta matawi taratibu kama anayemvuta mtoto sikio. Hajawahi kuanguka. Lakini ana kiburi. Akipotea njia hageuki nyuma, atakwenda hivyohivyo mpaka bahari imzuie.

Mtoto wetu wa kwanza ni Mwanawema. Baba yake alimpenda kuliko sisi sote na wala hakuficha. Alipopata kipaimara alimshika mkono akamzungusha mjini, watu wamwone. Alipoanza kuimba kwaya, Nyange alikuwa anakaa benchi la mbele ili asikie sauti yake peke yake. Kisha Mwanawema akampenda Haitham, fundi wa mashine za boti kule Wesha, kijana mtaratibu, Mwislamu. Akasilimu, wakaoana.

Nililia. Simfichi mtu hilo. Kisha nikafuta machozi, kwa sababu niliyemzaa nimemzaa.

Nyange hakulia. Ilikuwa msimu, ua wetu umejaa majamvi ya karafuu, na majirani wamekuja kutusaidia kuchambua. Akasimama katikati yao akasema, "Kuanzia leo sina binti. Namwondolea radhi zangu. Asinipikie, asiniuguze, asinizike." Mikono yote ikasimama juu ya karafuu. Bibi mmoja jirani akamwambia, "Nyange, tema mate chini, neno hilo litapata njia." Nyange hakutema.

Mwanawema akazaa mtoto wa kiume. Aliishi siku mbili, akafa. Basi watu wakapata la kusema. Kisimani, hospitalini, hata mlangoni mwa kanisa, walisema mtoto amekufa kwa kukosa radhi ya babu yake. Mimi siamini laana. Namwamini Yesu. Lakini moyo wa mama hauulizi kwanza unaamini nini, ndipo uogope.

Baada ya hapo Nyange akazidisha pombe. Sitaeleza mengi, anayejua nyumba ya mlevi anajua. Ndipo ikaja semina, na mhubiri, na machozi. Kweli aliacha. Chupa alizivunja mwenyewe nyuma ya jiko. Akaanza kutukusanya jioni kwa sala, mimi na watoto wawili waliobaki nyumbani. Watu wa kanisa wakapita wakinipa mkono: "Hongera, mama, Bwana amekurudishia mume." Nikasema asante, lakini nikawa namtazama. Mimi ni mtu wa kutazama.

Nikaona kwamba katika sala anawaombea watoto kwa majina, na jina moja halitoki. Jioni ya kwanza nikadhani amesahau. Jioni ya pili nikajua. Ya tatu, alipomaliza tu, nikasema kwa sauti, "Na Mwanawema."

Akafumbua macho. "Nimeshasema amina."

"Umesema ya kwako. Hii yangu."

"Mama Mwanawema, usinichokoze mbele ya Mungu."

"Umeniitaje?"

Watoto wakainama kuficha kicheko. Nyange akatoka nje. Tangu jioni ile akaacha kuniita kwa jina la mwanangu, akawa ananiita "wewe". Nami kila jioni nikawa nasema, "Na Mwanawema," baada ya amina yake. Hakunipiga, hakupiga kelele. Kwa hilo nakiri semina ilifanya kazi.

Ikaja Jumapili ya mavuno. Kwetu siku hiyo kila mtu huleta shukrani yake mbele ya madhabahu: ndizi, mihogo, kuku, karafuu kwenye pakacha. Mchungaji huziombea, kisha hupigwa mnada, fedha zikaingia kanisani. Mpiga mnada wetu ni Mzee Ngwali, mzee wa kanisa, mtu mwema lakini anapenda mnada kuliko mahubiri. Nyange alileta mbuzi. Beberu mkubwa, ameogeshwa kwa sabuni, amefungwa utepe shingoni. Alikuwa ametangaza tangu mwezi uliopita kwamba ni shukrani ya kuokoka kwake. Alipoingia naye, watu wakapiga vigelegele.

Mimi nilikuwa upande wa akina mama. Nikaikalia mikono yangu. Nilijiambia, nyamaza, atakuvunjia ndoa. Kisha nikamwona mume wangu amesimama pale, uso unang'aa, anamshukuru Mungu kwa kila kitu, na binti yake yuko Wesha mjamzito tena, kila siku analia. Nikasimama.

"Mchungaji, sadaka hii isiombewe."

Mzee Ngwali akaja mbiombio. "Mama Mwanawema, unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi kaa."

"Sikai."

"Mama, mambo ya nyumbani yazungumzwe nyumbani."

"Nyumbani yameshazungumzwa, yamekataa. Ndiyo nimeyaleta huku." Shule mimi niliishia darasa la nne, lakini masikio ninayo, na hayo maneno nimeyasikia tangu utoto. Nikamwambia mchungaji, "Bwana alisema ukileta sadaka, ukakumbuka kuna mtu ana neno juu yako, uiache hapo mbele, uende kwanza mkapatane, ndipo urudi. Hakusema ipigwe mnada kwanza. Mume wangu ana mtu Wesha mwenye neno juu yake. Amwache mbuzi hapo, aende."

Mwalimu mmoja akasema kutoka nyuma, "Imeandikwa ndugu, mama. Si mtoto aliyeiacha imani."

"Kwa hiyo mwalimu, mtoto ni chini ya ndugu?"

Nyange alikuwa ameshika kamba, jasho linamtiririka. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Unanivua nguo mbele za watu."

"Nguo umeivaa kinyume. Nakugeuzia."

Mchungaji wetu ni kijana, ametoka Bara juzijuzi, nadhani chuoni hawakumfundisha la kufanya mbuzi akikataliwa. Akamtazama mbuzi, akanitazama mimi, akamtazama Nyange kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mbuzi abaki." Mbuzi naye akalia, watoto wakacheka, na Mzee Ngwali akaendelea na mnada wa ndizi kwa hasira.

Wiki ile wazee wa kanisa wakaniita. Walikaa watano, mimi nikakaa peke yangu. Mzee Ngwali akasema, "Umevuruga ibada. Unajua tunaweza kukutenga?" Kutengwa kwetu ni kunyimwa meza ya Bwana na kukaa benchi la nyuma, mpaka utubu mbele ya watu.

"Nitengeni," nikasema. "Kule nyuma kuna upepo."

"Mama, hili si jambo la mzaha!"

"Sifanyi mzaha, mzee. Mwanangu amezika mtoto na nyie hamkwenda kumpa pole, hata mmoja. Mlisema ametoka kundini. Mchungaji mwema tunayemwimba huku alikwenda kumtafuta kondoo aliyetoka au alibaki kuwahesabu waliomo?"

Wakanitenga. Mpaka leo ninapoandika, nakaa nyuma. Wanangoja niombe msamaha, na mimi nangoja waone haya.

Mbuzi walimfunga chini ya mshelisheli ulio pembeni ya kanisa, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumuuza wala kumrudisha. Akala maua ya mama wa sakristia. Akala mkono wa joho la kwaya lililoanikwa. Habari zikafika sokoni, na muuza samaki mmoja akawa kila akiniona ananiuliza, "Mama, mbuzi wenu bado yuko kanisani? Nasikia anaimba besi." Nilicheka, kwa nini nisicheke. Lakini Nyange hakucheka. Mtu wa utani alikwisha.

Kila alasiri alikata majani akampelekea. Siku moja nilimfuata kwa mbali, nikajificha nyuma ya ukuta wa shule. Nikamwona amekaa juu ya jiwe kando ya mbuzi, midomo inacheza. Sikujua anasema na mnyama au anasema na Mungu. Aliporudi nikamsogelea kama namtoa uchafu begani, nimnuse. Ananuka majani. Kila siku nilifanya hivyo, maana hofu yangu kubwa ilikuwa hiyo, kwamba nimemwaibisha na atarudi kwenye chupa, na lawama itakuwa yangu. Alijua kwamba namnusa. Siku moja akasema, "Nusa na upande huu, wewe, usije ukakosa usingizi."

Nikamwambia, "Si pombe tu ninayoitafuta."

"Watafuta nini?"

"Harufu ya Wesha."

Akaingia ndani.

Ndipo Bi Asya akapiga simu. Bi Asya ni mama yake Haitham, mkwe mwenzangu, mwanamke wa maneno makali na moyo mkunjufu. "Mkwe," akasema, "mwanao presha imepanda. Kliniki wamemwambia atulie, naye hatulii. Yuwalia tu. Asema na huyu atamzika, kwa kuwa baba yake kamwondolea radhi. Miye namwombea kwa dua zangu, na nyie mwombeeni kwa zenu, lakini radhi ya mzazi haina mwengine wa kuitoa. Mwambie huyo mzee wako. Mwambie kwa lugha yoyote aisikiayo."

Nyange alikuwa anakula. Nikasimama mbele yake nikamwambia yote, kama nilivyoambiwa, bila kupunguza. Akaacha tonge mkononi. Nilijiandaa kwa lolote. Nilikuwa nimeshaamua kwamba akikataa, nitafunga nguo zangu nikakae Wesha mpaka mtoto azaliwe, na sala ya jioni ataisali na mbuzi.

Akanawa mikono. Akaingia ndani akavaa shati la kanisani, akatoka, akarudi akalivua. Akavaa lile la kazi lenye madoa ya utomvu wa karafuu. "Lile yeye halijui," akasema. "Nimelinunua yeye hayupo." Tukaenda.

Haitham alikuwa uani, amepasua mashine ya boti, mikono imejaa oili. Alipotuona alisimama kama askari. "Baba, karibu," akasema, akanyoosha kifundo cha mkono kwa sababu kiganja ni kichafu. Nyange akakishika hicho kifundo, akakishikilia. Bi Asya akatoka mbio na jamvi na viti na birika, akaanza kukaribisha kwa maneno mengi, kama mtu anayeogopa kimya.

Mwanawema akatokea mlangoni. Tumbo liko mbele, miguu imevimba. Hakuja kumwamkia baba yake. Akashika mwimo wa mlango.

"Umekuja kunirudisha kanisani?"

"Hapana," Nyange akasema.

"Umeletwa na Mama? Au umetishwa na mama mkwe?"

"Mtoto wee, ulimi huo!" Bi Asya akasema.

"Muache aseme, Bi Asya." Nyange hakukaa kwenye kiti. Alikaa kwenye kidaraja cha baraza, chini ya miguu ya binti yake. "Nimekuja kuomba radhi."

"Kutoa," Bi Asya akamrekebisha. "Umekuja kutoa radhi."

"Kuomba."

"Mzee Nyange, mzazi haombi radhi kwa mtoto! Wapi umeona jambo hilo?"

"Sijaliona. Basi litokee leo, hapa kwako."

Mwanawema hakulegea. Huyu ni mtoto wa baba yake. Akasema, "Radhi ya nini? Litaje. Usije ukaniambia 'kama nilikukosea'."

Nyange akayarudia aliyoyasema siku ile kwenye majamvi ya karafuu, neno kwa neno, hata lile la kuzikwa. Mwanawema akasikiliza mpaka mwisho. "Hayo nilishaambiwa," akasema. "Siku tuliyomzika mwanangu, ulikuwa wapi?"

Mimi nilijua jibu. Siku ile alikuwa Makoongwe, alikwenda kumwona jamaa yake mgonjwa. Ndivyo alivyoniambia.

"Nilikuwa juu ya mkarafuu," Nyange akasema. "Shamba lile la juu ya bonde."

Bonde lile ndimo yalimo makaburi ya ukoo wa kina Haitham.

"Basi uliona," Mwanawema akasema.

"Niliona yote. Niliwaona tangu walipotokea kwenye kona. Haitham alikuwa mbele, amembeba mwenyewe mikononi. Kulikuwa na manyunyu, mtu mmoja anamshikia mtoto mwavuli, yeye mwenyewe analowa."

Haitham alikuwa na spana mkononi. Hakuisogeza.

"Alifunikwa na nini?" Mwanawema akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Sanda nyeupe. Juu yake kanga, ya maua ya zambarau."

"Yangu ile."

"Walipofika kwenye mteremko, pale penye utelezi, Haitham aliteleza. Hakumwangusha, alipiga goti, akamkumbatia. Mimi nikanyoosha mkono nimshike. Niko juu ya mti, mwanangu, nikanyoosha mkono hivi. Nusura nianguke." Akanyoosha mkono mbele yetu, ukabaki hewani. "Kisha wakashuka. Shimo lilikuwa chini ya mnazi uliopinda. Kaburi dogo, halikuchukua muda. Kila mtu akatupa udongo."

"Na wewe?"

"Nilikuwa na karafuu mkononi."

"Ukafanyaje?"

Nyange akaushusha ule mkono. "Nikaendelea kuchuma," akasema. "Nikaendelea kuchuma mpaka wakaondoka wote. Hilo ndilo nililokuja kuliombea radhi. Kanisani sikulisema. Kanisani nilisema pombe."

Bi Asya alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Mimi nilitaka kumpiga mume wangu, na nilitaka kumshika, na sikufanya lolote kati ya hayo. Mwanawema aliondoka mlangoni, akaja polepole, akaketi kwenye kiti alichowekewa baba yake.

"Sisi wanawake hatuendi makaburini," akasema. "Mimi siku ile nilikaa chumba cha ndani nauliza, wamefika wapi sasa, wamefika wapi. Hakuna aliyejua. Nimemuuliza Haitham tangu siku hiyo, hawezi. Akianza, sauti inakatika. Mpaka leo sikujua kama alilowa."

"Hakulowa," Nyange akasema. "Walimfunika vizuri."

Haitham aliitikia kwa kichwa, macho chini.

Kisha Mwanawema akasema, "Radhi yangu sijakupa. Usije ukaondoka hapa ukadhani nimekupa."

"Sawa."

"Sikusema nitakunyima. Nimesema bado."

"Sawa, mwanangu. Yangu mimi unayo, hata usipoitaka. Niliiondoa kwa mdomo huu, nairudisha kwa mdomo huu. Uzae salama, ulee salama. Na mimi nikifa, unizike, kama utataka."

"Kama nitataka," Mwanawema akasema.

"Uuu, watu hawa!" Bi Asya akasema ndani ya mtandio wake. "Baba mtu na mwana mtu, kichwa kimoja! Haya, nyweni chai, yapoa."

"Iache ipoe, Mama," Mwanawema akamwambia mkwewe. Akajisogeza kidogo kwenye kiti, akaweka mikono yote miwili juu ya tumbo, akamtazama baba yake kwa mara ya kwanza. "Anza tena, Baba. Pale walipotokea kwenye kona."

Haitham akaweka spana chini, akaja akaketi kwenye kidaraja kando ya Nyange. Na Nyange akaanza tena.